Magoti Mawili Mkekani

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote ya Majengo. Bomba halikutoa maji, redio ya jirani ikapiga kelele, na Jacinta akaja kwa Nekesa kusema anaomba.

Jacinta aliongoza waombezi wa kanisa lao, na hakuchoka kulifafanua jambo hilo. Kumwombea mtu, alisema, ni kusimama mahali pake mbele za Mungu na kuubeba mzigo wake uwe wako. Maneno matamu. Mwenye mzigo alikuwa Kyalo, mume wa Nekesa, ambaye miguu yake ilikufa tangu gunia limdondokee mgongoni bandarini Kilindini. Kanisani kwao mgonjwa asiyeweza kufika hupeleka vazi. Mwombezi hulivaa, hukalia kiti cha mbele, na wenzake humwekea mikono yeye badala ya mgonjwa.

"Nimesimama mahali pake, dada," Jacinta alisema, akilitia shati la Kyalo mkobani. "Kila mchana. Wewe kauze mihogo yako kwa amani."

Nekesa alishasikia "tunakuombea" nyingi, zote kama karibu chai ya mwenye birika tupu. Lakini mfa maji hukamata maji. Akashukuru.

Wiki ikapita. Mchana mmoja alikuwa akirudi kutoka soko la Marikiti na mihogo ya kukaanga jioni kule ufukweni Mama Ngina, Ruweida wa chumba cha pili akamsimamisha uani.

"Shoga, huyo mama wa kanisani kwenu hachoki! Ikiadhiniwa adhuhuri tu, yuaingia kwako. Yuaomba hata sisi twaona haya."

Nekesa akacheka kwa furaha. Ndani, kidole gumba cha mguu wa Kyalo kilikuwa kikitikisika. Akakishika, akalia. Kyalo hakucheka wala kulia.

"Mwambie asije tena," akanong'ona.

"Nani? Jacinta?"

"Sauti ni yake. Shati alilovaa ni langu." Akautazama mkeka. "Uso sijauona. Hupiga magoti akinipa kisogo."

Kando ya kitanda, mkekani, palikuwa na mabonde mawili madogo, sawa na magoti ya mtu mzima. Nekesa akayapangusa kwa kiganja. Akaukung'uta mkeka.

Hayakutoka.

Jumapili akamfuata Jacinta nje ya kanisa.

"Asante kwa kuja nyumbani kila mchana."

"Kuja wapi?"

Wakatazamana. Jacinta akafungua mkoba taratibu. Shati lilikuwa mle mle, limekunjwa vile vile Nekesa alivyolikunja, linanuka sabuni.

"Shughuli, dada. Unajua kulikuwa na wageni. Lakini moyoni nilikuwa nawabeba."

"Hata siku moja hukuomba?"

"Si ameanza kupona? Basi! Unataka nini tena?"

Siku iliyofuata, adhuhuri, Kyalo alitembea mpaka mlangoni. Adhuhuri hiyo hiyo Jacinta alianguka jikoni kwake. Miguu ikafa. Madaktari wakatazama picha za mgongo na hawakuona kitu.

Nekesa alikwenda kumjulia hali mara moja tu. Chumba kilijaa wanawake wa kanisa, amina ziko tayari midomoni. Jacinta akamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi.

"Sema umesimama mahali pangu, dada. Sema."

Nekesa angeweza kusema mengi. Lakini macho yote yalikuwa kwake.

"Nimesimama mahali pako. Kila mchana."

"Amina!" wakaitikia.

Akatoka, akaenda kununua mihogo. Hakuomba. Si kwamba alisahau. Alikataa, na uchungu wake ukamstarehesha kama kivuli.

Wiki ikapita.

Beverly, mdogo wake Jacinta, alimkuta Nekesa ameketi uani akimenya mihogo. Uso wa Beverly ulikuwa unang'aa.

"Dada, kidole kimetikisika! Mungu akubariki kwa kuja kila siku. Ila mbona hukai ukanywa hata chai? Unaingia, unapiga magoti, unatupa kisogo. Ukimaliza hatuoni ulivyotoka."

Kisu kikasimama mkononi mwa Nekesa.

"Na jana umesahau hii."

Ilikuwa leso yake. Ile ya zambarau, ya kujifunga. Asubuhi hiyo alikuwa ameiona, imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Msumari ulikuwa mtupu.

Akaipokea. Katikati ya kitambaa palikuwa na alama mbili za vumbi, duara, zimekaa pamoja.

Kule msikitini mwadhini akaanza.

Nekesa akataka kuinuka. Mguu wa kushoto ukakataa. Akaupiga kofi. Hakusikia kofi. Akajaribu wa kulia.

"Dada? Vipi?"

"Miguu," akanong'ona.

Beverly akamwinamia, akamshika bega kwa huruma, huku jicho lake moja likitafuta barabara.

"Pole sana, mwaya," akasema. "Tutakuombea."