Nyumba ya Makindye Haifai

Sabuni ilikuwa imebaki mche mmoja, na mikono miwili iliushika kwa pamoja.

Hapo ni sokoni Kalerwe, Kampala, Jumamosi asubuhi, katika miaka ile ya wanajeshi ambapo sukari ilisimuliwa zaidi kuliko ilivyoonjwa. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Safinah, binti wa sajini mstaafu wa polisi, mpokea simu katika ofisi moja ya chai mjini. Alivaa gauni refu la maua ya njano, maana magauni mafupi yalikuwa yamepigwa marufuku, na yeye hakuwa tayari kulala mahabusu kwa ajili ya magoti yake. Mkono wa pili ulikuwa wa kijana mrefu mwenye suruali ya bugaluu ya kahawia na shati lililopigwa pasi kwa hasira.

"Kaka, achia. Mimi nimeshika kwanza."

"Dada, macho yangu ilishika tangu kule barabarani."

"Macho hainunui sabuni."

"Kale, sawa. Tukate nusu-nusu," alisema kijana. "Lakini mimi nitataka kujua nusu ile nyingine inakaa wapi."

Mama muuza sabuni aliangua kicheko, akachukua kisu akaukata mche. Kabla hajamaliza kuifunga sabuni kwenye gazeti, kijana alikuwa amejitaja kuwa anaitwa Asuman, kwamba anafanya kazi bandarini Port Bell, anasimamia mabehewa yanayopandishwa na kushushwa melini, kwenda na kutoka Kisumu. Safinah naye, bila kukusudia kabisa, alijikuta ametaja ofisi yake.

Jumatatu simu ililia.

"Ofisi ya chai, nikuunganishe na nani?"

"Na nusu ya sabuni."

Safinah alicheka mpaka meneja akachungulia mlangoni. Tangu siku hiyo hakuna kampuni Kampala iliyoulizwa habari za chai yake mara nyingi kama ile. Leo behewa limechelewa, kesho behewa limefika mapema, na kila habari ilimalizika kwa "Umekula, Safi wangu?" Naye akajibu, "Nimekula, Bwana Mabehewa. Toka kwenye laini, watu wanafanya kazi." Lakini hakuwa yeye wa kwanza kukata simu, hata siku moja.

Sajini mstaafu alipopata habari hakukasirika, ila aliweka sharti. Alikuwa amelea watoto katika vyumba vya kambi ya polisi, ambako jirani akipiga chafya wewe unamwambia pole. "Binti yangu hatoki kwenye chumba cha serikali kwenda kwenye chumba cha kupanga," alisema. "Kijana aje na nyumba. Maneno ninayo mengi mimi mwenyewe." Kwa hiyo ndoa yote ilisimama juu ya nyumba, na wapenzi wakaanza kutafuta.

Waliipata Makindye, kwenye barabara ya kambi ya jeshi. Ilikuwa nyumba ya vigae na sakafu nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, yenye baraza ambayo ukisimama unaliona ziwa kwa mbali. Mwenyewe, Mzee Dawudi, Muganda mpole mwenye kanzu na koti, alikuwa anarudi shambani kwake Masaka kuzeekea. Aliwasikiliza, akawatazama, akaingia ndani. Alirudi na kikapu kidogo chenye buni kavu za kahawa.

"Bei yenu nimekubali, wanangu. Wengine walikuja, nikawaludisha tu," alisema, akichanganya r na l kama kawaida ya watu wa kwake. "Sisi Baganda, mtu akitafuna kahawa na wewe, hageuki. Kalibuni."

Wakatafuna wote watatu. Zilikuwa chungu, na Safinah hakuwahi kuonja kitu kitamu kama kile. Hati zingekaa ofisi ya ardhi wiki kadhaa, kisha watie saini, wapewe ufunguo. Mzee alimvuta Asuman pembeni wakanong'ona kwa muda. Safinah hakujali. Alikuwa amekwishavua kitambaa chake cha kichwa, anapima nacho madirisha.

Alinunua kitambaa cha kijani, akaanza kushona mapazia. Alishona kila jioni huku anaimba, na baba yake akajifanya hasikii.

Pazia la mwisho lilikuwa halijapindwa Acen alipomjia ofisini. Acen alikuwa mpiga chapa wa meza ya jirani, rafiki wa kweli, lakini habari mbaya aliibeba kwa mikono miwili isimwagike.

"Safinah, bambi, tafadhali, usikasirike. Mtu wako nilimwona Kalerwe juzi, anatazama nyumba."

"Nyumba gani? Sisi tumekwishakubaliwa."

"Ndiyo najiuliza. Anagonga ukuta, anafungua bomba, anasifu kwa sauti. Yuko na Ogutu dalali, yule wa kofia nyeupe. Na wiki iliyopita alikuwa Nsambya." Acen alishusha sauti. "Mwanamume akishapata nyumba na bado anatazama nyumba, ana mwingine wa kumweka ndani."

Safinah alimwambia anyamaze. Siku ile aliunganisha simu za benki kwa muuza nyanya.

Hakumuuliza Asuman kitu. Alivizia tu, na Jumamosi iliyofuata, aliposikia kwamba Ogutu anaelekea Luzira, alifunga kilemba, akavaa viatu vyake vyeusi vya raizoni, akaenda. Aliwakuta mbele ya nyumba kubwa mpya kabisa kando ya ziwa, lango wazi, mlinzi amelala kivulini. Ogutu alionyesha hata nyumba ambazo hakuwajua wenye nazo, mradi zina lango. Asuman alikuwa katikati ya ua, mikono kiunoni, anatangaza utadhani yuko mnadani.

"Hii ndiyo nyumba! Ogutu, nyumba kama hii Kampala mzima hakuna!"

"Asuman!" Safinah aliita. "Unafanya nini hapa?"

Kijana aligeuka. "Natazama nyumba."

"Nyumba tunayo Makindye!"

Ogutu aliinua kofia yake kidogo, masikio yakapata hewa. "Mnayo? Makindye wapi?"

"Ile ya Makindye?" Asuman alidakia, akacheka kicheko ambacho Safinah hakukijua. "Ile ilikuwa maneno tu. Achana na ile. Tazama ziwa, Safi."

"Ulitafuna kahawa ya yule mzee! Mbele yangu ulitafuna!"

"Kahawa ni kahawa."

Safinah alimtazama mtu huyu aliyempenda na kumwona mgeni. Kama neno alilompa mzee lilikuwa kahawa tu, je, neno alilompa yeye lilikuwa nini? Aliumia, aliumia sana, na hakuficha. "Basi kaa na ziwa lako," alisema, akaondoka na raizoni zake zikipiga changarawe. Machozi aliyazuia mpaka langoni tu.

Asuman alipiga simu Jumatatu, Safinah akamwunganisha na stoo. Jumanne akamwunganisha na mpishi. Jumatano alichoka. Aliamua ayamalize, kisha akayachane yale mapazia.

"Sema," alisema.

"Safi wangu, nipe nafasi tuonane. Si kwa simu."

"Hapa hapa. Kwa nini unatazama nyumba nyingine?"

"Safi, nakuomba. Si kwa simu."

"Kwa nini si kwa simu? Mimi naishi kwa simu! Una mwanamke mwingine?"

Kimya. Na katika kimya kile Safinah alisikia kitu. Laini ya watu wawili ina sauti yake. Akiingia wa tatu, sauti hupungua kama maji ya bomba jirani anapofungua lake. Kila mpokea simu wa Kampala aliujua upungufu ule. Kulikuwa na mtu anapumua, na hakuwa Asuman.

"Mimi nakwambia ukweli," Asuman alisema, sasa kwa sauti kubwa na ya polepole. "Ile nyumba ya Makindye haifai. Dari limejaa popo. Msingi umeliwa na mchwa. Nani atanunua kitu kama ile?"

Safinah alifungua mdomo amwambie amerukwa na akili. Kisha akamkumbuka kapteni mmoja wa jeshi.

Makindye nzima ilimjua kapteni yule wa kambini. Hakuwa na jicho la kuchagua nyumba, kwa hiyo alichagua kwa macho ya wengine. Nyumba ikikaa bila mteja, aliipita. Ikipata mnunuzi wa kuipenda, jioni vijana wake walikuja na kufuli, na mwenye nyumba akaambiwa ashukuru kwamba yuko hai. Lazima awe na mtu wa kumpelekea habari za nani ameipenda ipi. Mtu wa kutembea na wanunuzi. Mtu wa kofia nyeupe.

*Nyumba tunayo!* Alikuwa amepiga kelele, yeye Safinah, mbele ya Ogutu mwenyewe. Sasa walikuwa wanasikiliza kuhakikisha.

Alivuta pumzi.

"Na mimi si nilikwambia?" alifoka, kwa ukali wa mke wa miaka ishirini. "Nilikwambia tangu siku ya kwanza! Choo kimetitia, mtu anaingia anapotea!"

Asuman alipojibu, sauti yake ilikuwa inatetemeka, na Safinah alijua si kwa woga. "Ni kweli, mama. Ulisema."

"Na kile kisima! Maji ina harufu ya panya!"

"Panya wawili. Niliona."

"Na jirani mchawi!"

"Walahi, yule ana bundi watatu."

"Yule mzee abaki na kahawa yake! Mimi nilitaka ile ya Luzira, na wewe unazubaa tu, watu watakuja kuichukua!"

"Ile ya Luzira ndiyo nyumba," Asuman alisema kwa huzuni kubwa. "Nikichelewa, mwenye bahati atanipita."

Pumzi ya tatu ikakatika, *tak*. Safinah alishikilia mkonga wa simu kifuani, mabega yanamtikisika. Acen alimkimbilia na leso akidhani analia.

Mwenye bahati alipita upesi. Wiki ile ile kapteni alitia kufuli lake kwenye lango la Luzira na kumtimua mlinzi. Jambo ambalo yeye na Ogutu hawakulijua, Asuman alilijua vizuri: vigae, mabomba na milango ya nyumba ile vilikuwa vimepita mikononi mwake Port Bell, behewa baada ya behewa, vikiwa mali ya mkubwa mmoja wa jeshi ambaye jina lake watu walilitaja wakiwa wameinama. Mkubwa alikuja kutazama nyumba yake akakuta kufuli la mtu. Kapteni alihamishiwa mpakani Karamoja kabla hajafua nguo, na Ogutu akakumbuka ghafla kwamba ana mama mgonjwa upande wa Busia.

Siku ya saini ilikuwa ya jua. Mzee Dawudi alitoa ufunguo kwa mikono miwili, akawabariki, akapanda gari lake la Masaka. Kikapu cha kahawa alikiacha dirishani.

Safinah alizunguka vyumba vyote kwanza. Hakukuwa na popo, wala panya. Kisha akasimama mbele ya Asuman, aliyekuwa amevaa lile shati la siku ya kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mzee alininong'oneza habari za kapteni na Ogutu. Lakini uso wako, Safi. Hauna pazia. Ogutu angesoma kila kitu." Aliinamisha kichwa. "Na ulipolia pale langoni, ndipo aliamini kidogo kwamba naacha Makindye kweli. Nilitaka kukukimbilia. Nilibaki nimeshika ukuta wa watu."

"Usirudie."

"Sirudii."

"Siku nyingine tudanganye wote wawili. Umeona mimi naweza."

"Kunishinda!" Alikichukua kile kikapu, akamnyooshea. "Wazee wangu wanakuja kwa baba yako Ijumaa. Lakini nataka kujua kwanza kwako. Mara hii si kwa nyumba, Safi."

Safinah alikunja mikono, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye bugaluu.

"Ombi lako nimelikubali," alisema. "Ila nami nitatazama wanaume wengine kwanza. Wiki chache tu. Nitawagonga vifua, nisikie kama ndani kuna mchwa."

"Haki yako. Na ukipata mzuri?"

"Nitamsifu kwa sauti, majirani wasikie."

Asuman alijaribu kucheka akashindwa. Aliendelea kushika kikapu. Safinah akaacha mzaha, akasogea karibu.

"Pale Luzira ulisema kahawa ni kahawa. Iliniuma. Sasa sema tena. Kahawa ni nini?"

"Ni neno langu," alisema Asuman. "Hata siku ile, ilikuwa bado iko mdomoni."

Safinah alichukua buni moja akaitafuna taratibu, bila kukunja uso, macho yake hayajatoka kwake. Kisha alimtia nyingine mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe.

Mchana ule walitundika mapazia ya kijani. Walianza na madirisha ya mbele, yale yanayoelekea barabara ya kambini, na wakayaacha wazi yapepee ili kila mpita njia ajue nyumba ile ina watu.