Kahawa Haikungoja

Jumanne ni siku ya soko la Mpondwe. Alfajiri Pretty aliwasha moto akampikia baba yake chai. Shule zilikuwa zimefungwa, na nyumba yao ya Bwera ilikuwa ya watu wawili tu. Mama alifariki mwaka ule mafuriko yalipokata njia ya kwenda hospitali. Daraja liliahidiwa kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi, nani alilikumbuka?

"Kahawa tuliyomenya jana iko kwenye beseni," baba yake, Erisa, alisema akifunga ndizi kwenye baiskeli. "Ioshe leo. Ikivunda, mnunuzi hataigusa, na ada yako ya darasa la saba ni hiyo hiyo."

"Nimeshaiandika, Baba."

Kweli alikuwa ameiandika. Mwalimu Medius aliwafundisha kuorodhesha kazi za siku na kuikata kwa mstari kila kazi inayokwisha. Pretty aliipenda ile mistari. Akafagia uwanja, akakata. Akasugua masufuria, akakata. Akafua sare na mashuka mpaka madumu yote ya maji yakaisha, akakata tena. Kahawa ilikuwa chini kabisa ya orodha, maana ina utelezi, inaumiza mgongo na inataka maji mengi.

Alipofika bombani mchana, mzee Nobert, mlinzi wa bomba la kijiji, ambaye watoto walimwita Afande Bomba, alikuwa anafunga kufuli.

"Mzee, ngoja! Dumu moja tu!"

"Saa sita imepita. Ni amri ya kamati ya maji."

"Kahawa yetu itavunda!"

"Ulikuwa wapi asubuhi? Ulikuwa unaoga?" Nobert alitia ufunguo mfukoni. "Nikikufungulia wewe, kesho kazi sina."

Wakubwa wa kamati walikuwa na matangi majumbani mwao. Kufuli lilikuwa la wengine.

Pretty alirudi mbio. Kahawa ilikuwa inatoa povu, na harufu ya uchachu ilimpanda puani. Mtoni? Mvua ya mlimani ilikuwa imeugeuza mto tope tupu. Akawaza: nitamwambia Baba bomba lilifungwa tangu asubuhi. Angeamini. Baba huamini ubaya wowote wa viongozi. Lakini ada je? Uongo hauoshi kahawa.

Akaenda kwa jirani, Mama Kahambu, aliyekimbia vita Beni, Kongo, na sasa aliuza sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa.

"Mama Kahambu, nimekosea. Nimemaliza maji kwa kufua nguo, na kahawa inavunda."

"Mutoto wa Erisa! Nguo ingekufa ukiiacha mpaka kesho?"

"Hapana, Mama."

"Basi kwa nini umeianza? Beba beseni. Maji yangu iko kwa pipa. Leo watu watakosa sombe."

Wakasugua kahawa kwa mikono, wakamwaga maji machafu, wakasugua tena. Mara tatu. Pretty alinusa kila mara. Mwishowe punje zikakwaruza vidoleni kama changarawe safi, na uchachu ukaondoka. Wakazianika kichanjani.

Jioni Erisa aliporudi sokoni alichota kiganja cha kahawa akanusa. Pretty akamweleza yote, hata ule uongo aliotaka kuusema.

"Kamati ya wezi!" Erisa alifoka. "Maji ya Mungu wanayatia kufuli!"

"Ni kweli, Baba Pretty," Mama Kahambu alisema akigeuza kahawa kichanjani. "Lakini asubuhi yote bomba ilikuwa wazi."

Erisa akamvuta binti yake karibu.

"Sikiliza. Mimi sikusoma, lakini hili ninalijua. Kabla hujashika kazi yoyote, jiulize ipi ikingoja itaharibika. Anza na hiyo, hata kama ndiyo inayokuchosha. Wakubwa wakichelewa, kuna mtu wa kuwasubiri. Sisi hatusubiriwi na mtu. Sasa chukua madumu. Alfajiri tunakwenda bombani sote wawili, na pipa la Mama Kahambu linajazwa kwanza."