Mama Aliyeketi Mlangoni mwa Madrasa

Mama mmoja, fundi cherehani, aliishi na binti yake mdogo na mama yake mzazi. Fundi na binti walikuwa Waislamu, bibi alikuwa Mkristo. Bibi ndiye aliyepika, na wote watatu walikula sahani moja.

Siku moja binti alirudi kutoka madrasa, akaisukuma sahani.

"Mwalimu mpya amesema chakula cha bibi ni haramu. Tena nisimwamkie."

Bibi aliinuka, akaenda kulala na njaa.

Kesho yake fundi alikwenda madrasa. Mwalimu mpya hakumkaribisha hata kiti.

"Mama, wewe shona nguo. Dini tuachie wenyewe."

"Nguo nitashona. Lakini mtoto ni wangu, na unayemtukana ndiye aliyenizaa."

Fundi akapita kwa jirani yake, mama mtu mzima aliyesomesha dini miaka mingi.

"Qurani imehalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, Wakristo wakiwemo," jirani alimweleza. "Tena imetuamuru tukae na wazazi kwa wema, hata kama dini zetu ni mbalimbali. Lakini mwenzangu, kosa si la mwalimu peke yake. Nani alimpima kabla ya kumpa darasa? Nani anajua anafundisha nini? Madrasa bila usimamizi ni shamba lisilo na mwenyewe. Kila mtu hupanda atakacho."

Fundi akabeba nguo za kutia vifungo, akaketi mlangoni mwa darasa. Mkuu wa madrasa akamsihi aondoke, asiwatie aibu.

"Aibu mmeileta nyinyi. Iteni mkutano wa wazazi, nitaondoka."

Siku ya pili alirudi. Jirani naye akaja na mkeka wake. Wazazi wengine wakafuata, mpaka mkutano ukaitwa.

Wazazi walichagua kamati, wanawake wakiwemo. Walikubaliana walimu wote wafuate mtaala mmoja, na mwalimu apimwe kwanza ndipo apewe darasa. Mzazi naye aruhusiwe kuingia na kusikiliza. Mwalimu mpya alitakiwa kusoma tena kwa walimu wakubwa. Alinung'unika, lakini alikwenda.

Binti alimwomba bibi radhi.

"Kula, mjukuu wangu," bibi alisema. "Maneno yale hayakuwa yako."

Siku ya wazazi madrasani, binti alimshika bibi mkono, akampeleka safu ya mbele. Mzee mmoja akaguna.

"Huyu naye anatafuta nini humu?"

Binti hakuuachia ule mkono.

"Ni bibi yangu. Atakaa hapa, anisikilize nikisoma."

Bibi akaketi.