Gunia la Chumvi Ziwani

"Kozi, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu."

"Tumepekua meli nzima. Hakuna kitu. Rudi bandarini."

Kozi hakurudi. Alizima injini ya boti lake, akainua darubini. Makreti ya mabomu hayaoti mbawa.

Maji yakatoa povu.

Kreti likaibuka. Kisha jingine. Kila moja lilining'iniza gunia tupu. Kozi akavuta gunia, akalilamba.

Chumvi. Ziwani!

Mbinu hii aliijua. Utotoni, kaka yake alikuwa akifunga mfuko wa chumvi kwenye dumu tupu lililozibwa, analitosa majini, kisha anajitapa mbele ya wenzake kwamba ataliita lije. Chumvi ikiyeyuka, dumu linapanda lenyewe. "Kitu kikiwa chepesi kuliko maji kinayoyasukuma, dogo, maji hayana ujanja. Yatakibeba tu."

Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Boti la Yamaha likaja mbio kuyachukua makreti. Ndani alikuwa mtu mmoja, kiunoni ana mkanda wa vyuma vizito wa wazamiaji.

"Simama, kaka."

"Dogo?" Kaka mtu akapunguza mwendo. "Pita zako. Fanya kama hujaniona."

"Mabomu haya yataua watu."

"Na mimi wenye mzigo wataniua nisipoyafikisha."

Kaka akainua bunduki. Akasita.

Kozi hakusita. Bastola yake ya Glock ikalia mara mbili. Injini ikapasuka, boti likayumba, kaka akatumbukia. Mkanda ule ukamzamisha kama jiwe.

Kozi akajitosa. Akamkuta chini anahangaika na kifungo kilichogoma. Akaukata mkanda kwa kisu, wakapanda wote wawili, wanakohoa maji.

Akamtia pingu hapo hapo.

"Ungeniacha huko chini," kaka alisema.

Kozi akalia. Hakuyaficha machozi.

Bandarini, askari walimchukua kaka mtu, makreti yakapakiwa kwenye lori.

"Kazi safi, Kozi," redio ikasema.

Simu aliyoiacha botini ikaita. Alikuwa mama.

"Mwanangu, kaka yako hapokei simu tangu asubuhi. Nimewapikia nyote. Umemwona?"

"Nimemwona, mama. Mzima."

"Alhamdulillahi. Basi njoo naye, chakula kisipoe."

"Sawa, mama."

Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaelekea garini polepole, kama mtu asiye na neno.