Msimpake Rangi Babu

Kila Jumamosi tunasafisha marae, uwanja wa ukoo wetu. Mimi, Pirihira, nimepewa kazi ya magodoro, maana wanasema nimezeeka, nisipande ngazi. Basi naanika magodoro juani huku nikisengenya. Kazi zote mbili nazimudu.

Katikati ya uwanja amesimama Tamakaha. Ni nyumba, lakini ni babu yetu. Boriti ya juu ni uti wa mgongo wake, mapau ni mbavu zake, na nguzo zilizochongwa ndani ni wazee waliotutangulia. Tukifiwa, tunalala tumboni mwake pamoja na marehemu.

Mwaka ule babu alikuwa akivuja. Tulipomlaza humo binamu yangu, jeneza tulilihamisha mara mbili kukwepa matone. Nilimwomba marehemu radhi. Hakupenda kusukumwa hata alipokuwa hai.

Tuliomba msaada kwenye mfuko wa fedha za kuhifadhi majengo ya kale. Wakatukatalia. Barua ilisema hatukuonyesha hati ya mwenye nyumba, wala jina la aliyeichora, wala ushahidi wa umri wake. Na kanisa la walowezi ng'ambo ya mto, ambalo Tamakaha amelizidi miaka ishirini, lilikuwa limeshapata paa jipya kwa fedha za mfuko huohuo. Mbao za kanisa hilo zilikatwa kwenye msitu wetu. Niliikunja ile barua mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni iliyokuwa ikiyumba. Hapo ndipo ilipofaa kitu.

Kaka yangu Kereama hakucheka. Alisema tusimpigie mtu magoti tena, babu tutamtengeneza wenyewe. Jumamosi iliyofuata akaja na makopo ya rangi nyekundu ya kung'aa. Sote tulimsifu, hata mimi.

Kopo la kwanza lilikuwa wazi alipofika Hinerau, binti wa jirani yetu. Huyu kazi yake ni kutibu mbao za kale katika jumba la makumbusho mjini. Alikuwa amebeba samaki aina ya mkunga, waliokaushwa kwa moshi.

"Mjomba, weka brashi chini," alisema.

"Umekuja kula au kuamuru?"

"Chakula nimekuja nacho, kwa hiyo vyote viwili."

Alitueleza kwamba rangi ile ingefungia unyevu ndani ya mbao, nguzo zioze huku nje zikimeremeta. Tena ingefunika rangi ya wazee, ya udongo mwekundu na mafuta ya papa, na kujaza alama za patasi zao. Kisha akapiga magoti penye nguzo ya nyanya yetu, akachomeka kisu kidogo chini kabisa. Kiliingia kama kwenye kiazi kitamu kilichochemshwa.

"Nani alimwaga zege hapa kuzunguka nguzo?"

Kereama alikaa juu ya kopo la rangi. Aliimwaga yeye, ujanani, kwa mikono yake.

"Nilitaka asimame imara," alisema.

"Najua, mjomba. Lakini ulimvisha viatu vilivyojaa maji."

Hasira zilinipanda, lakini si kwa Kereama. Miaka yote hiyo nani alikuja kutuambia? Njia ya kwetu watu wa mjini waliijua vizuri walipotaka kupiga picha za kalenda.

Siku hiyohiyo tulizibua mifereji ya paa iliyojaa majani. Tuliondoa udongo uliolundikana ukutani, tukafungua madirisha, tukafunika paa kwa turubai. Hinerau alisema hiyo ni huduma ya kwanza tu. Tiba yenyewe tusiianze kabla ya kuuomba mfuko tena na kupata jibu, kwa sababu mifuko mingi hailipii kazi iliyokwisha kufanywa.

Ukoo wote ukakutana na kukubaliana. Nyumba haina mmiliki mmoja, kwa hiyo wadhamini wa marae ndio waliotia saini maombi mapya. Hinerau akaleta fundi mwenzake, wakakagua kila nguzo, wakaandika ripoti na kupiga picha za kila kidonda. Halafu, kabla ya kutuma maombi, tukamwita ofisa wa mfuko aje aone.

Alikuja kijana mpole. Tulimkaribisha kwa nyimbo, akala, kisha akauliza tena ushahidi wa umri.

Nikasimama. Nilitaja jina la mchongaji, na la mwanawe, na la mjukuu, jina kwa jina mpaka nikafika kwangu.

"Na wewe, mwanangu," nikamuuliza, "hati ya babu yako iko wapi?"

"Sina, bibi."

"Lakini babu unaye."

Akatoa kalamu, akaomba nianze upya, polepole. Hinerau akaiambatanisha orodha ile na maombi. Safari hii tulikubaliwa.

Zege aliivunja Kereama mwenyewe, kwa patasi, wiki nzima. Mafundi walitengeneza paa, wakaunga mbao mpya chini ya nguzo. Uso wa nyanya hawakuugusa. Vijana wetu wanne walijifunza kazi hiyo, na walilipwa. Sasa mvua ikinyesha tunaisikia, haitugusi.

Halafu mfuko ukatuletea bamba la chuma lenye jina lake kwa herufi kubwa, tulipigilie kwenye nguzo ya mlangoni. Nilimuuliza yule kijana kama kwao mtu akilipiwa hospitali hupigiliwa msumari kwenye paji la uso.

Bamba lipo. Tumelifunga kwenye uzio, pale magari yanapogeuzia.