Karibu Mgeni, Mwenyewe Nipo

Sauti iliyomjibu fundi ilikuwa ya kiume, na hilo ndilo lililomshangaza, maana ndani ya nyumba ile hakukuwa na mwanamume mwingine zaidi yake.

Alikuwa amesimama mlangoni mchana kweupe, begi begani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa kupanda na kutengeneza minara ya simu, na kampuni ilimtupa huku na huko kama mpira. Leo yuko mlimani, kesho yuko mpakani, na akianza kuzoea mji anaambiwa aihamishie familia mji mwingine. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kila wateja wakianza kumjua, lori linakuja, cherehani inapakiwa, anaanza upya. Jamani, mwanamke mwingine angekwisha kurudi kwao. Huyu aliyageuza hayo yote kuwa utani. Mumewe akirudi safari humwita mgeni, naye mume husimama kwenye mlango wake mwenyewe akapiga hodi kwa madaha: "Hodi, mgeni wenu nimefika." Mke hujibu kutoka jikoni, "Karibu mgeni, wenyewe tupo." Wanacheka, wanakaa kunywa chai na binti yao waliyempachika jina la Kibibi kwa sababu ya maneno yake ya kikubwa. "Wewe hukai," mke humwambia, "wewe unapita." Wanacheka tena.

Safari hii walikuwa wamehamia nyumba iliyokaa muda mrefu bila mpangaji. Vyombo vilipoingizwa, fundi alikuwa juu ya mnara huko mbali, kwa hiyo ile ndiyo siku yake ya kwanza kukanyaga pale. Akapiga hodi yake ileile, ya utani. Akajibiwa kwa sauti nzito, kama ya mtu aliyekuwa amelala.

"Karibu mgeni. Mwenyewe nipo."

"Ahsante," akasema fundi, akaingia.

Sebuleni hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, harufu ya matambara yaliyolowa yakasahaulika kwenye ndoo. Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. Alipoulizwa ni mwanamume gani aliyemo ndani, akamshangaa, akamwambia jua limempanda kichwani. Fundi akajisemea labda ni redio ya jirani, akaenda kuoga.

Alipotoka bafuni akavaa ndala zake. Zilikuwa na joto, kama zimevuliwa muda huohuo.

Chai aliletewa kwenye kikombe cha wageni, vile vyenye ukingo wa dhahabu vinavyofungiwa kabatini. Akacheka. Mkewe hakucheka. Jioni akaona godoro limetandikwa sebuleni, na mke akamwambia kwa upole kabisa kwamba pale patamfaa, kuna hewa. Fundi akadhani amenuniwa kwa ajili ya safari. Akaomba msamaha, akabembeleza, akaapa. Mkewe alimsikiliza jinsi mtu anavyomsikiliza aliyekosea nyumba, kisha akamuuliza, "Sasa utaondoka lini?"

Chumbani mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, cha mwenye mji anayetaka watu wajue kwamba yumo. Fundi aliukimbilia mlango akaufungua, akakuta kitanda kimetandikwa vizuri, na katikati yake pamebonyea.

Basi mpumbavu yule, badala ya kubaki, alipopigiwa simu ya kazi akaondoka. Akarudi baada ya majuma kadhaa. Mkewe alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imemtoka, na yuko kwenye cherehani anashona shati. Shati hilo lilikuwa na mabega mapana kama mlango, na mikono yake ilivuka meza, ikashuka, ikalala sakafuni. Fundi akauliza ni la nani. Mkewe akajibu bila kuinua macho kwamba ni la mwenye nyumba.

"Shikamoo, mjomba," akasema Kibibi.

Mjomba! Mtoto wa kumzaa mwenyewe. Fundi akataka kukaa kwenye kiti chake cha siku zote. Kibibi akamshika shati, akamnong'oneza huku anakitazama kile kiti.

"Mjomba, usikae hapo. Baba amekaa."

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito akijigeuza.

Ndipo alipokwenda kwa mganga mmoja mwanamke, maarufu kwa jina la Bi Mkali, na jina lilimstahili. Alimkuta kibarazani anachambua mchele. Kabla hajafungua kinywa, Bi Mkali akamkataza kupiga hodi, akamwambia aingie kimya akae. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwogesha kwa maneno. Mtu mzima na akili zako, akamwambia, unasimama kwenye nyumba iliyokaa wazi miaka, hata hujaijua, unaomba ruhusa!

"Uliomba ndani ya kwako, ukapewa, ukashukuru," akasema. "Mkeo na mwanao waliingia bila hodi, kama watu wako. Hilo lililomo ndani lilikuwa linakungoja wewe. Sasa utamfukuzaje mwenyeji wako?"

Kulitoa kwenye nyumba ile haiwezekani, akamwambia. Watoke wao, na watu tu, hata kijiko kisitoke. Watafute nyumba nyingine na waingie bila hodi, kama watu wanaorudi kwao. Litawafuata na litaomba kuingia. Mtu yeyote asitamke karibu.

"Na wewe ukae," akamwambia. "Mwaka huu usisafiri, mpaka nyumba ikuzoee. Nafasi yako sasa linaijua kuliko wewe."

Kesho yake, saa ya jua kali, fundi akaingia kuwatoa watu wake. Mkewe aliikumbatia meza ya cherehani, akalia kwa sauti ya chini kwamba mwenye nyumba hajawaruhusu, na fundi akamnyanyua Kibibi kwa mkono mmoja na mkono wa pili akamng'oa mkewe kidole kimoja kimoja, na ile harufu ya matambara mabovu ikawa nzito mpaka akawa anaipumua kama maji, na nyuma yao mlango wa chumbani ukafunguka taratibu, na fundi, ambaye alijiapiza asigeuke, akageuka, akaliona lile shati limesimama mlangoni, limejaa, vifungo vimekaza, mikono inaburuta sakafuni inakuja, na juu ya kola hapakuwa na kitu, ila kutoka hapo juu pasipo na kitu kikatoka kile kikohozi kifupi cha mwenye mji. Walitoka mbio mpaka barabarani. Cherehani ilibaki.

Nyumba mpya waliingia kimya, kama walivyoagizwa. Mkewe alipovuka kizingiti tu akakaa chini, akatazama mikono yake iliyokonda, akauliza cherehani yake iko wapi. Kibibi akasema, "Baba, nina njaa." Fundi alilia mbele ya mwanawe bila aibu.

Alasiri ileile mlango ukabishwa. Hodi ya sauti ya mwanamke jirani. Halafu hodi ya sauti ya bosi. Halafu, kwa upole kabisa, hodi ya marehemu mama mkwe, anauliza mwanangu vipi, unaniacha juani? Mkewe aliuma upindo wa khanga mpaka ukatoboka, lakini hakujibu. Likaja siku nyingine na nyingine, kisha likaacha.

Wangeishi hivyo. Fundi alikuwa akifanya kazi mjini, anarudi kila siku, anacheza na mwanawe. Ndipo meneja alipompigia: mnara umezimika, wilaya nzima haina mtandao, ama aende ama arudishe vifaa vya kampuni. Fundi akayakumbuka maneno ya Bi Mkali, akayaweka pembeni. Atapata wapi kazi nyingine? Wakakubaliana na mkewe kwamba yeye hatapiga hodi wala kugonga. Akifika mlangoni atapiga simu, afunguliwe. Mkewe aliitikia.

Kazi ilikwenda vizuri. Mtandao ukarudi, na fundi akarudi nyumbani jua likiwa bado liko juu, mkononi ana viatu alivyomnunulia Kibibi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akapiga simu, akaisikia inaita sebuleni. Ikapokelewa.

"Mke wangu, nifungulie. Nimefika."

Pumzi za mkewe zilisikika mara mbili, sikioni na nyuma ya mlango.

"Nani wewe?" akanong'ona.

"Mimi. Mumeo. Niko hapa mlangoni."

"Mume wangu yuko ndani. Amefika tangu mchana. Nilimwona dirishani, amesimama kimya na begi lake. Hakupiga hodi kama tulivyokubaliana. Nikafurahi, nikamfungulia mwenyewe, nikamwambia..."

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Aliujua utani wa mkewe, alikuwa ameishi nao tangu waoane, akaegemea mlango kwa paji la uso na kuanza kuupiga kwa viganja, akiita jina la utani la mwanawe, akimwambia mkewe atoke, aruke dirishani, afanye lolote, atazame mikono, atazame mikono yake!

Ndani mtu akakohoa, kikohozi kifupi. Kisha fundi akasikia sauti yake mwenyewe, ileile, na upole wake uleule wa kumbembeleza Kibibi alale.

"Kata simu, mama Kibibi. Tunyamaze tu, litaondoka lenyewe. Hilo huwa halikai."