Firigisi ya Zablon

Nyumbani kwa Zablon, mrina asali wa Ipole, kuku akichinjwa kila mtu alijua fungu lake. Firigisi na mapaja ni ya baba. Recheli, mkewe, aligawana vilivyobaki na watoto wakubwa. Shukrani, binti yao wa mwaka mmoja na nusu, alimegewa ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Zablon aliamini kabisa kwamba nguvu zote za kuku huhamia kwenye mchuzi. Firigisi alijitwika yeye kama mzigo wa ukoo.

Siku ya kliniki, Advera, mhudumu wa afya wa kijiji, alizungusha utepe wa kupimia kwenye mkono wa Shukrani. Kipimo kikaangukia rangi ya njano, alama ya mtoto aliyeanza kudhoofu kwa kukosa lishe. Advera akamwambia Recheli kwamba mtoto halishwi vya kutosha, na wakizembea kipimo kitafika nyekundu, na hapo itabidi apelekwe hospitali.

Jioni Advera alimfuata Zablon nyumbani. Zablon akajitetea kwamba mtoto anakula kila siku, tena mchuzi wenye mafuta.

"Basi shemeji," Advera akasema, "kesho kula anachokula Shukrani, kiasi kile kile cha ugali na mchuzi, halafu nenda kwenye mizinga. Ukirudi unacheka, mimi nitanyamaza."

Zablon aliona jambo dogo. Mti wa kwanza aliupanda akiimba. Wa pili aliupanda kimya. Wa tatu aliutazama kutoka chini, akakaa. Tumbo lake lilinguruma kuliko nyuki. Saa nane alirudi nyumbani na ndoo tupu, akawakuta Advera na Recheli wakitwanga karanga.

Aliona aibu, na kuliko aibu aliona uchungu. Mwanawe alikuwa anaishi hivyo kila siku, na hajui hata kulalamika.

"Nieleweshe, shemeji," alisema.

"Mchuzi ni wa kulainishia tonge. Mpe kuku mwenyewe, umkate vipande vidogo. Kama hakuna kuku, yai lipo, maharage yapo, dagaa wapo. Uji uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa laini. Mboga za majani na papai asikose. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati. Ziwa la mama aendelee kunyonya. Na awe na sahani yake, kwa sababu kwenye sinia lenu mikono mikubwa inamaliza yeye akiwa kwenye tonge la pili."

Baada ya miezi miwili utepe ulisoma kijani. Recheli alicheka mpaka machozi yakamtoka, na siku hiyo kuku akachinjwa. Kwa mazoea akamwekea mumewe firigisi. Zablon aliitazama kwa mapenzi, akaikata vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye sahani ya Shukrani. Mtoto akatafuna vyote, akalamba vidole, kisha akanyoosha mkono kwenye paja la kuku lililokuwa sahani ya baba.

Zablon akabaki na ugali.

"Mchuzi nao si mbaya," alisema.

Recheli akamwongezea.